Mwili Wako na Hukumu Zako kwa Watu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali yanayorudi kila mara watu wanapozungumza juu ya njaa, usingizi, homa au moyo kwenda mbio, na jinsi hali hizo zinavyogeuza macho tunayowatazamia wenzetu. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine.

## Mambo ya msingi

1. Tukisema "hali ya mwili" tunamaanisha nini?

Ni yale yanayoendelea ndani ya mwili wakati uleule unapomtazama mtu au kumfikiria: sukari kwenye damu, mapigo ya moyo, pumzi, joto, uchovu, maumivu, kinga inayopambana na maambukizi. Hubadilika kwa dakika au kwa saa. Umbo, kimo na rangi ya ngozi haviingii hapa. Navyo huathiri tunavyohukumiwa, lakini hilo ni somo jingine.

Ubongo hauachi kupokea habari hizi. Neva ya vagasi, inayounganisha ubongo na moyo, mapafu na tumbo, ina nyuzi nyingi zaidi za kupandisha habari kuliko za kushusha amri: takriban asilimia 80 zinapanda. Sehemu ya ubongo iitwayo insula hupokea fungu kubwa la habari hizo, na ndiyo hiyohiyo inayoamka tunapomwona mwenzetu akiumia.

2. Mwili unaingiaje kwenye maoni yangu juu ya mtu mwingine?

Taarifa ya mwili hufika bila kusema imetoka wapi. Moyo unadunda: ni ngazi ulizopanda, ni hofu ya mkutano, au ni huyu aliyesimama mbele yako? Ubongo huchukua maelezo yaliyo karibu, na mara nyingi kilicho karibu ni mtu. Umekaa na njaa tangu asubuhi, mwenzako anachelewa kukujibu, na karaha iliyokuwa tumboni inaonekana ni karaha yake yeye. Kuhisi si kosa. Kosa ni kumbambikia hisia hiyo mtu asiyehusika nayo.

Karibu majibu yote yanayofuata yanasimama juu ya jambo hilo, na lina upande wenye faraja: mtu akikumbushwa chanzo halisi, athari hupungua. Mwaka 1983 Norbert Schwarz na Gerald Clore walieleza utafiti ambao watu walipigiwa simu siku za jua na siku za mvua, wakaulizwa wameridhika kiasi gani na maisha yao. Wa siku za mvua walijibu kwa unyonge zaidi. Lakini mpigaji alipoanza kwa kuuliza hali ya hewa ya huko ikoje, tofauti hiyo ilififia. Lazima niongeze kwamba mwaka 2013 Richard Lucas na Nicole Lawless walichunguza majibu ya zaidi ya watu milioni moja nchini Marekani, wakakuta hali ya hewa ya siku haigusi sana majibu ya aina hiyo. Kwa hiyo mvua ni mfano dhaifu. Wazo la chanzo kilichosahaulika lina ushahidi mwingine, kama swali la 5 na la 6 yanavyoonyesha.

3. Hisia huanza mwilini au akilini?

Mjadala huu una zaidi ya miaka 100. Mwaka 1884 William James aligeuza maelezo ya kawaida: mwili hutetemeka kwanza, na kuutambua mtetemeko huo ndiko tunakoita hofu. Carl Lange wa Denmark akaandika jambo linalokaribiana na hilo mwaka 1885. Walter Cannon akawapinga mwaka 1927, akisema mabadiliko ya viungo vya ndani yanafanana mno katika hofu, hasira na hata homa, tena huja polepole mno kuweza kuwa hisia yenyewe.

Mwaka 1962 Stanley Schachter na Jerome Singer walijaribu kuunganisha pande hizo mbili. Waliwadunga washiriki adrenalini wakiwaambia ni vitamini. Wengine walielezwa kwamba moyo utakwenda mbio na mikono itatetemeka, wengine hawakuelezwa kitu. Kisha kila mmoja aliketi na mtu aliyepangwa, ama wa mizaha ama wa hasira. Walioachwa gizani ndio walioelekea zaidi kuambukizwa hisia za jirani yao. Vitabu vingi husimulia matokeo hayo kwa nguvu kuliko takwimu zenyewe zilivyokuwa, na majaribio yaliyochapishwa mwaka 1979 yalionyesha kwamba msisimko usioelezeka huelemea upande wa hisia mbaya. Hata hivyo swali walilouliza limebaki: mwili ukishaamka, nani anaamua jina la hisia?

4. Jaribio la daraja lilionyesha nini?

Donald Dutton na Arthur Aron walilichapisha mwaka 1974. Daraja lenyewe ni la Capilano, British Columbia, nchini Canada. Limetengenezwa kwa mbao zilizoning'inizwa kwa nyaya, lina urefu wa takriban mita 137, na chini yake ni korongo la mita 70. Ukikanyaga, linayumba. Mwanamke mmoja aliwasimamisha wanaume waliokuwa wakivuka peke yao, akawaomba wajaze dodoso na kutunga hadithi fupi kutokana na picha. Walipomaliza alichana pembe ya karatasi, akaandika namba yake ya simu, akasema wapige wakitaka kujua zaidi juu ya utafiti. Kazi hiyohiyo aliifanya kwenye daraja jingine, imara, lililo karibu na maji.

Kati ya wanaume 18 waliopokea namba kwenye daraja la kuning'inia, 9 walipiga. Kwenye daraja imara walipiga 2 kati ya 16. Hadithi za wa kwanza pia zilikuwa na mahaba zaidi. Ukisema labda wanaothubutu kuvuka daraja la kutisha ndio hao hao wanaothubutu kupiga simu, umeuliza vizuri. Watafiti nao waliliona hilo, wakarudia kwa kulinganisha waliokuwa bado darajani na waliokwisha vuka na kupumzika kwa dakika 10 au zaidi. Tofauti ilionekana tena.

Idadi ya watu ni ndogo, na mimi nalichukua kama kielelezo kizuri, si kipimo.

5. Msisimko wa mwili ukishapita, si ndiyo umekwisha?

Hapa ndipo watu wengi hujikwaa. Joanne Cantor, Dolf Zillmann na Jennings Bryant, katika utafiti wa mwaka 1975, waliwapa watu mazoezi ya baiskeli isiyotembea, kisha wakapima mambo mawili kwa pamoja: mwili umetulia kiasi gani, na mtu mwenyewe anadhani ametulia kiasi gani. Vikatokea vipindi vitatu. Mwanzoni mwili bado umechemka na mtu anajua. Mwishoni mwili umetulia na mtu anajua. Katikati kuna kipindi ambacho mtu anasema ametulia kabisa, kumbe moyo na shinikizo la damu bado viko juu.

Filamu ya mahaba iliyoonyeshwa katika kipindi hicho cha katikati ndiyo iliyoelezwa kuwa inasisimua zaidi. Waliokuwa wakihema hawakuathirika hivyo, maana walijua wanahema kwa nini. Dakika ya kuogopa basi ni ile unayosema "nimeshapoa, tuongee sasa". Umegombana na mtu barabarani, umefika nyumbani, umeketi, unajiona uko sawa, halafu mtoto anaangusha kitu na sauti inayokutoka inakushangaza hata wewe. Katika ugomvi wa wanandoa John Gottman, mtafiti wa ndoa, hushauri mapumziko ya angalau dakika 20 kabla ya kurudi kwenye mada, na dakika hizo zisitumike kuutafuna ugomvi kichwani.

## Njaa, usingizi, maradhi na joto

6. Njaa humfanya mtu awe mkali kweli, au ni kisingizio?

Ni kweli, ingawa si kila mtu na si kila mara. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, watu wazima 64 wa Ulaya ya Kati waliripoti hali zao mara tano kwa siku kwa siku 21. Njaa ilipopanda, hasira na wepesi wa kukereka vilipanda nayo, na raha ikashuka. Sukari ikishuka sana mwili humwaga adrenalini na kortisoli, homoni zilezile za hatari, ndiyo maana mikono hutetemeka na jasho hutoka.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Jennifer MacCormack na Kristen Lindquist. Walimpa mshiriki kazi ndefu ya kuchosha kwenye kompyuta iliyopangwa ikwame mwishoni, kisha mtafiti akaingia na kumlaumu kwamba ameiharibu. Wenye njaa walikereka zaidi, na walimwona mtafiti kuwa mtu wa kuhukumu wenzake. Lakini wale ambao mapema walikuwa wamepewa zoezi la kutafakari hisia hawakuonyesha tofauti hiyo. Njaa ilikuwepo, ila haikupata njia ya kujificha ndani ya mtu mwingine.

7. Ni kweli majaji hutoa hukumu kali kabla ya kula?

Dai linatokana na utafiti wa Israel wa mwaka 2011, uliotazama maamuzi 1,112 ya majaji 8, mengi yakiwa maombi ya wafungwa kuachiliwa mapema. Maombi yaliyokubaliwa yalianza karibu asilimia 65 mwanzo wa kila kikao, yakashuka hadi karibu sifuri, kisha baada ya mapumziko ya chakula yakapanda tena.

Mwaka huohuo Keren Weinshall-Margel na John Shapard walionyesha kwamba kesi hazikupangwa kwa bahati nasibu: wafungwa wasio na wakili walielekea kuwekwa mwisho wa kikao, na hao hukataliwa zaidi. Isitoshe, kama njaa ingekuwa na nguvu kiasi hicho, kazi nyingi za binadamu zingesimama kila siku kabla ya mlo. Uchovu huweza kumsukuma jaji kwenye jibu rahisi, nalo ni "hapana". Namba hizo lakini hazitoshi kulithibitisha, na usizitumie kumshauri ndugu yako aliye na kesi.

8. Usingizi mdogo unagusaje ninavyowaona watu?

Pande zote mbili. Kwanza, macho yako: aliyekosa usingizi husoma nyuso vibaya, hasa zile zisizo wazi, na huelekea kuona tishio mahali ambapo hapana. Katika utafiti wa mwaka 2007, watu waliokesha kwa takriban saa 35 walionyesha mwitikio wa amigdala, kiungo cha ubongo kinachohusika na hatari, mkubwa kwa asilimia 60 walipoona picha za kutisha. Pili, macho ya wengine. Watafiti wa Sweden walipowaonyesha watu picha za nyuso zilizokosa usingizi, watazamaji walisema hawana hamu sana ya kuchangamana na wenye nyuso hizo. Mwaka 2018 Eti Ben Simon na Matthew Walker wakaonyesha kwamba aliyekesha hujitenga na kutaka watu wakae mbali naye zaidi, huku wanaomtazama wakimwona mpweke.

Fikiria mzunguko huo: unajitenga, wao wanaona umejitenga na wanakuacha, nawe unahesabu kwamba hawakupendi.

9. Nikiumwa najiona nimetengwa. Ni mawazo yangu tu?

Hapana, kinga yako inashiriki. Naomi Eisenberger, Tristen Inagaki na wenzao waliwapa watu wenye afya dozi ndogo ya sumu ya bakteria inayoamsha kinga bila kuwaletea ugonjwa. Ndani ya saa chache walijisikia kutengwa na watu. Hata hivyo hawakuwakimbia watu wote: utafiti wao mwingine ulionyesha hamu ya kuwa karibu na yule anayewategemeza kila siku ikiongezeka. Mgonjwa anayekataa wageni lakini hataki mama yake atoke chumbani hajichanganyi.

10. Joto kali linaongeza ugomvi?

Richard Larrick na wenzake walichambua zaidi ya michezo 57,000 ya besiboli ya Marekani kuanzia mwaka 1952. Joto pekee halikuwa hadithi yote. Wachezaji wa timu moja walipokwisha pigwa na mpira wa mrushaji wa timu nyingine, uwezekano wa mrushaji wao kulipiza uliongezeka kadiri siku ilivyokuwa ya joto. Inaelekea joto hubadilisha maana ya tukio: mpira ambao siku ya baridi ungeonekana umeponyoka, siku ya joto unaonekana umekusudiwa.

11. Hata pigo moja la moyo linaweza kuleta tofauti?

Linaweza. Moyo unaposukuma damu, vipokezi vilivyo kwenye mishipa mikubwa hupeleka ishara kwenye ubongo. Kati ya pigo na pigo vinanyamaza. Mwaka 2017 Ruben Azevedo, Manos Tsakiris na wenzao walionyesha picha kwa kuzipanga zitokee ama wakati wa pigo ama katikati. Kosa la kuiona simu mkononi mwa mtu Mweusi kuwa ni bastola liliongezeka picha ilipoangukia kwenye pigo. Ubaguzi haukuzaliwa na moyo. Fikra potofu ilikuwepo tayari, na ishara ya mwili iliipa uzito. Jambo hili halinitoki akilini kila ninapomfikiria mtu mwenye silaha ambaye amekimbia, moyo uko juu, na ana sekunde moja ya kuamua.

## Madai maarufu yaliyotetereka

12. Vipi kuhusu kikombe cha moto, pozi la ubabe, kunawa mikono na kalamu mdomoni?

Haya ndiyo yanayosambazwa zaidi, na ndiyo yenye msingi mbovu zaidi.

Kikombe cha moto: mwaka 2008 Lawrence Williams na John Bargh walisema kushika kikombe chenye joto humfanya mtu amwone mwenzake kuwa mkunjufu. Jaribio la kwanza lilikuwa na watu 41. Liliporudiwa kwa watu wengi zaidi, athari haikuonekana.

Pozi la ubabe: mwaka 2010 ilidaiwa kwamba kusimama kibabe kwa dakika mbili hubadilisha homoni. Mwaka 2015 Eva Ranehill na wenzake walirudia kwa watu 200, homoni hazikubadilika. Mwaka 2016 Dana Carney, mwandishi wa kwanza wa dai hilo, alitangaza kwamba haamini tena kuwa athari ipo. Nauheshimu sana uamuzi huo.

Kunawa mikono kunakoosha hatia, na kinyaa kinachofanya hukumu za maadili ziwe kali: la kwanza limeshindwa kurudiwa mara kadhaa, la pili limebaki na athari ndogo mno, kama ipo.

Kalamu kati ya meno ni kisa kirefu. Fritz Strack na wenzake walidai mwaka 1988 kwamba kukaza misuli ya tabasamu bila kujua hufanya katuni zichekeshe zaidi. Mwaka 2016 maabara 17 zilirudia, zikatoka mikono mitupu. Mwaka 2022 kundi kubwa lililofanya kazi na watu 3,878 kutoka nchi 19 lilikuta kwamba kuiga tabasamu kwa makusudi huongeza furaha kidogo, ila njia ya kalamu haikutoa jibu la uhakika.

13. Sasa niamini lipi?

Yanayosimama ni yale ambayo mwili umeguswa kweli: kukesha, njaa ya saa nyingi, maambukizi, mazoezi mazito, joto la siku nzima. Yanayoporomoka ni yale ya mguso mdogo unaodaiwa kubadilisha jambo kubwa. Ukisikia dai jipya, uliza walikuwa watu wangapi na kama kuna timu nyingine imelirudia.

## Hali zinazotatanisha

14. Mbona mwenzangu haelewi ninavyojisikia, na yeye alishawahi kuumwa hivihivi?

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata kama jana alikuwa na njaa yeye. George Loewenstein ameandika sana juu ya pengo hili: tukiwa tumetulia hatuwezi kukadiria nguvu ya njaa, maumivu au tamaa, na tukiwa ndani yake hatuwezi kukumbuka utulivu. Mwaka 2003 yeye na Leaf Van Boven waliwauliza watu kwenye ukumbi wa mazoezi juu ya watalii waliopotea msituni bila chakula wala maji: kipi kingewatesa zaidi? Waliotoka kufanya mazoezi walielekea zaidi kusema kiu. Waliutazama msitu wa wengine kwa koo lao wenyewe.

Kwa hiyo ukitaka kueleweka, usitegemee kumbukumbu ya mwenzako. Mwambie waziwazi unahisi nini na unahitaji nini.

15. Dawa ya maumivu hupunguza huruma?

Utafiti wa Dominik Mischkowski na wenzake wa mwaka 2016 ulikuta kwamba waliokunywa miligramu 1,000 za paracetamol walikadiria maumivu ya watu wengine kuwa madogo kidogo kuliko waliokunywa kitu kisicho na dawa. Athari ni ndogo. Usiache dawa uliyoandikiwa kwa ajili ya hilo.

16. Kwani mwili hauwezi kuwa unanionya jambo la kweli?

Unaweza. Katika majaribio ya karata ya Antoine Bechara, Antonio Damasio na wenzao, viganja vya wachezaji vilianza kutoa jasho kabla ya kugusa mafungu mabaya, yaani yale yanayoleta hasara, wakati wenyewe hawajaweza kueleza ni mafungu gani mabaya. Wengine wamebisha kwamba wachezaji walijua zaidi ya walivyosema. Ninavyoona mimi, onyo la mwili lina thamani pale ulipo na uzoefu wa jambo lenyewe. Kwa mtu uliyekutana naye leo kwa mara ya kwanza, jiulize kwanza umelala saa ngapi.

Isipokuwa kwenye usalama wako. Ukihisi hatari, ondoka. Uchunguzi utafuata baadaye.

17. Nifanye nini kabla ya kumwamulia mtu jambo zito?

Taja hali yako kwa maneno, hata kimoyomoyo: nina njaa, sikulala, nimetoka kukimbia. Ndiyo kazi iliyofanywa na zoezi la kutafakari kwenye swali la 6. Kama unasahihisha mitihani, unafanya usaili au unaamua nidhamu ya mfanyakazi, andika vigezo kabla hujamwona mtu yeyote, na usiwaweke wale wale mwisho wa siku kila mara. Barua kali iandike usiku ukitaka, itume asubuhi. Usijiamini sana kwamba unaujua mwili wako: watu wengi wakiombwa kuhesabu mapigo ya moyo wao bila kushika mshipa hukosea sana, na anayejiamini si lazima awe sahihi zaidi.

18. Ni sawa kumwambia mtu "una njaa tu" au "ni uchovu huo"?

Sivyo, si katikati ya ugomvi. Njaa huongeza sauti ya lalamiko. Haithibitishi kwamba lalamiko ni la uongo. Mtu anaweza kuwa na njaa na pia akawa amedhulumiwa. Wanawake wameambiwa "ni homoni tu" na wagonjwa wa maumivu sugu wameambiwa "ni maumivu yanayoongea" na watu waliotaka kukwepa jibu, na elimu hii haikukusanywa ili iwe silaha ya aina hiyo.

Kipimo cha hali ya mwili ujipime wewe kwanza. Ukiona mwenzako amechoka, mpe maji, mpe nafasi, sema "tutaliongea baada ya kula", kisha mkishakula uwe wewe unayelianzisha. Kama bado linamuuma, lisikilize lote.